Koti la Daktari

Jumamosi moja, saa tatu kasorobo asubuhi, mke wa Chereko alikuwa anaanika shuka la mtoto kwenye kamba ya nyuma ya nyumba, mara ya nne wiki hiyo, vibanio vya nguo amevishika kwa meno. Mtoto mwenyewe, binti wa miaka sita, alisimama kando akijifanya shuka lile halimhusu ndewe wala sikio. Chereko alitoka jikoni na kikombe cha chai. Akalitazama shuka, akamtazama binti yake, kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati akatoa daftari dogo na kalamu.

Kazi yake ilikuwa kuchekesha watu, na jioni hiyo alilisema jukwaani. Alisema nyumbani kwake ana bosi mdogo anayechora ramani kitandani, kila siku nchi mpya, na yeye kama baba anangoja tu siku mtoto atakapochora nchi isiyodai viza wahamie wote. Ukumbi ulicheka mpaka watu wa nyuma wakapiga viti kwa mikono. Asubuhi yake shuka lilikuwa kavu. Kesho yake kavu. Mtoto hakukojoa tena kitandani maisha yake yote, na haikupita wiki ikasikika kwamba meneja mmoja wa benki, mtu mzima na kitambi chake na dereva wake, ameanza kununua magodoro. Meneja huyo jioni ile alikuwa amekaa kiti cha mbele kabisa.

Mke wa Chereko alikuwa fundi cherehani, na hakuwa mtu wa kupoteza muda na mambo yasiyohitaji mshono. Alilikunja shuka, akamwambia mumewe, "Si ungelisema mapema? Sabuni yote imeisha."

Ndivyo ilivyokuwa nyumba ile. Jambo la nyumbani likisemwa jukwaani na watu wakacheka, linatoka nyumbani. Wasipocheka, linabaki pale pale. Wenyewe walilizoea upesi, na kwa kuwa walikuwa watu wa kujitafutia unafuu, walilifanya dawa. Hapo ndipo walipokosea, na usiniulize nani angefanya tofauti. Shangazi, dada mkubwa wa Chereko, alikuja na maumivu ya kichwa ya miaka tisa, akajitupa kwenye kochi. "Niseme na mimi, mdogo wangu," alisema. "Usinionee haya." Chereko akasema jukwaani kwamba dada yake kichwa kikimuuma, nyumba nzima wanameza dawa. Shangazi aliamka mwepesi, akafungua kitambaa alichokuwa akijikazia kichwani miaka yote hiyo, akafutia meza.

Mtoto ndiye aliyetibiwa kuliko wote. Kithembe kilitoka. Woga wa radi ukatoka. Mji mzima ulimjua kwa jina la Bosi, kwa sababu ndivyo baba yake alivyomwita jukwaani, na watu walimsimamisha njiani wamuulize kama bado anamfokea baba yake akichelewa kurudi. Alipofika miaka minane alikuwa mtoto aliyenyooka kabisa, hana hofu, hana kilema, na ukimtazama vizuri hana mengi mengine. Maana Chereko alipomaliza ya kutibu, alianza ya kawaida. Kazi ni kazi, na watu hawalipi kiingilio kusikia ya mwaka jana. Wenzake Bosi shuleni ndio waliomsimulia siku yake ya kuzaliwa ya miaka saba, alivyoipiga keki teke na kofia ya karatasi ikiwa kichwani. Alisikiliza kwa adabu, akauliza keki ilikuwa ya rangi gani.

Alikuwa na kovu la pasi kwenye kifundo cha mkono, alilolipata akicheza chini ya meza ya mama yake. Alilipenda. Alikuwa akiligusa akifikiri. Baba yake alilisema siku ya sikukuu, na asubuhi ngozi ikawa laini. Miezi mitatu baadaye walikwenda kununua viatu vya shule, na muuza duka aliyepiga magoti kumpima mguu alikuwa nalo, pale pale kwenye kifundo, na ncha yake imeelekea kidole gumba. Bosi alilitazama. Muuza duka naye alimwona anavyolitazama, akavuta mkono wa shati chini kidogo.

"Unavaa namba ngapi, mwanangu?" aliuliza.

"Thelathini na mbili."

Viatu vilimtosha, wakavinunua. Lakini tangu siku ile Bosi akawa mtu wa kujichunga. Mezani baba yake alipoweka daftari kando ya sahani na kuuliza leo kuna nini, alijibu hakuna. Akidakwa akicheka peke yake, alisema amekumbuka hesabu. Alikwenda kwenye maonyesho yote, akakaa safu ya pili, na baba yake akatamba kwa watu kwamba hana shabiki kama mwanawe. Kumbe mwenyewe alikuwa anamwomba Mungu watu waje wamenuna.

Alipokuwa na miaka kumi, mama yake alianza kukohoa. Kikohozi kilianza kama cha vumbi la vitambaa, kikaendelea, kikafika mahali ambapo alisimamisha cherehani kwanza, akakohoa, kisha akaendelea na mshono. Madaktari walipoonyesha picha ya kifua, Chereko hakungoja wamalize maelezo. Alikwenda nyumbani akafunga mlango, akaandika siku mbili.

Alikisema kikohozi Ijumaa. Watu walitazama viatu vyao. Alikisema tena Jumamosi, amekigeuza, amekipa sauti ya gari bovu na ya mwenye nyumba anayebisha hodi. Mtu mmoja alicheka kwa kumwonea huruma. Jumapili alikisema mara ya tatu, akapiga magoti, akakohoa mwenyewe mpaka macho yakamtoka, na mama mmoja pale mbele akaanza kulia. Unaweza kumchekesha mtu kwa karibu kila kitu, lakini si kwa mwanamke anayekohoa damu.

Nyumbani mke wake alimngoja sebuleni, taa zote zinawaka.

"Wamecheka?"

"Kidogo."

Akakohoa. Alimaliza, akafuta mdomo. "Basi si sana," alisema, akaenda kumpashia chakula.

Siku ya mwisho ya mama huyo Chereko alikuwa mji mwingine, anachekesha mkutano wa wauza saruji. Mkataba ulikuwa wa tangu mwaka jana. Bosi alikaa wodini peke yake na mama yake, kwenye kiti cha plastiki, miaka kumi na mmoja, sare ya shule mwilini. Daktari wa zamu alikuwa kijana, na kifungo cha pili cha koti lake jeupe kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja.

"Siwezi kufa natazama kile kitu," mama alisema. "Mwanangu, nipe sindano."

Sindano ilikuwa kwenye mkoba wake, mahali pake pa siku zote. Daktari alikataa, akaona haya kukataa, akainama. Mama alishona amelala chali, mikono juu, polepole sana. Daktari hakujua aweke wapi uso wake, na mwili wote ulikuwa unamcheza.

"Tulia, daktari," mama alimwambia. "Kati yetu wawili, mwenye ruhusa ya kutetemeka ni mimi."

Alipomaliza hakuwa na nguvu za kukata uzi. Daktari alitaka kuleta mkasi. "Mikasi ya hapa ni ya kukatia watu," mama alisema. "Bosi, kata kwa meno." Bosi aliingiza kichwa kati yao, akauma uzi pale kwenye tumbo la daktari, daktari akatekenyeka, akapiga kelele kama mtoto wa chekechea, na mama akacheka. Alicheka kicheko kirefu, na kikohozi hakikuja kumkatiza. Kisha akasinzia vivyo hivyo, mkono umeshika ukingo wa koti. Daktari alingoja. Alipoona mkono hauachii, alitoa bega moja, akatoa la pili, akamwachia koti, akaendelea kuzunguka wodi na shati. Wagonjwa wa vitanda vya mbele walimdhani ni mgeni aliyekuja kutazama mtu, wakamtuma maji.

Mama alifungua jicho moja. Alimwita binti yake kwa kidole.

"Hili usimpe baba yako," alisema. "Mpe mengine yote. Hili ni letu."

Hakulifungua tena.

Chereko alirudi kuzika. Alikaa miezi miwili hapandi jukwaani, na alipopanda hakuwa na kitu kingine kichwani isipokuwa mke wake, kwa hiyo akamsema yeye. Hapo ndipo umaarufu wake ulipovuka mipaka. Aliusema wimbo aliouharibu kila siku akikanyaga cherehani. Aliusema ugomvi wake na mwavuli. Aliusema mwendo wake, harufu ya mafuta aliyojipaka, jinsi alivyokuwa akiongea na vitambaa akivitisha. Watu walicheka huku wanafuta macho, na kwa mwaka mmoja na nusu hukupata tiketi bila kujuana na mtu. Shangazi alikuwa amehamia pale kuwaangalia. Ilipofika msimu wa pili wote watatu walikula kimya, maana kila mmoja alikuwa akifungua mdomo amtaje marehemu na hapati pa kuanzia.

Kwenye picha ya harusi ukutani viatu vya marehemu vilitoka kwanza. Baadaye mikono, baadaye gauni. Mwishoni Chereko alibaki amesimama peke yake ndani ya suti, kiwiko amekitoa nje, mfano wa mtu aliyeambiwa shika hapa nakuja. Shangazi aliifuta vumbi kila Ijumaa kama kawaida.

Bosi alibaki na lile moja. Kila jioni kabla ya chakula alikaa kwenye kiti cha cherehani dakika chache akalipitia, kama mtu anavyopapasa mfuko kuhakikisha funguo zipo. Kifungo. Uzi. Meno. Daktari alivyotekenyeka. Kicheko, na sauti ya mwisho. Hakumwambia shangazi wala rafiki wala daftari lake mwenyewe. Alikuwa na mama mmoja tu, naye alimjua amelala chali, siku moja, wodini. Miaka mitano alimtunza hivyo.

Jumapili moja mchana, Bosi ana miaka kumi na sita, Chereko aliingia kwenye chumba cha cherehani. Hakubisha hodi. Alikaa sakafuni.

"Bosi. Mama yako alikuwa mrefu?"

"Sijui, baba."

"Alikuwa anaitaje? Akiniita mimi, alikuwa anaitaje?"

Bosi alianza kufuta vumbi kwenye cherehani.

"Wewe unacho kitu," baba yake alisema. "Nakuona unavyokaa hapa kabla ya chakula. Mimi sina, mwanangu. Nimetafuta kila mahali, sina hata sauti. Nikiamka asubuhi nahisi kuna mtu wa kuulizwa soksi ziko wapi, na simjui ni nani." Akalia. Alilia vibaya, kwa watu waliomzoea akilia kwa kazi. Pua ilimiminika na hakuifuta. "Sitaki ya kwenda kusema. Nataka ya kukaa nayo."

Sasa mtoto gani angevumilia hapo? Alimpenda baba yake, na yeye pia alikuwa amechoka kubeba peke yake. Alimtoa kwanza daftari mfukoni, akatoa kalamu mbili, akatoa simu, akampelekea shangazi jikoni akae navyo. Alimwapisha. Chereko aliapa kwa kaburi, na kaburi angalau alikuwa bado anajua liko wapi. Ndipo Bosi akasimulia yote, tangu kifungo hadi jicho moja, na ya mama akayasema kwa sauti ya mama. Hata lile neno la mwisho alimwambia, kwa sababu alitaka baba yake ajue anapewa nini.

Chereko alicheka akiwa sakafuni pale. Bosi alimtazama kwa hofu, akajipapasa ndani. Kilikuwepo. Kicheko cha mtu mmoja nyumbani hakiondoi kitu.

Wiki mbili zile zilikuwa nzuri kuliko zote walizowahi kuwa nazo wawili hao. Mmoja alikuwa akitia chumvi kwenye mchuzi anasema "tulia, daktari," na mwingine anadondosha kijiko. Chereko aliosha vyombo bila kuambiwa. Shangazi aliwauliza mnacheka nini, wakamwambia hakuna, naye akasema watu wawili wazima wana wazimu, akafurahi.

Kisha ikafika alasiri ya kuadhimisha miaka ishirini na mitano ya Chereko jukwaani. Ukumbi mkubwa, watu elfu mbili, maua hadi kwenye ngazi, na Bosi safu ya pili. Alianza na wakubwa na magari yao. Ukimya. Akaingia kwenye ya simu, ambayo haijawahi kumwangusha, ikamwangusha. Mtu alikohoa. Mwingine alikuwa anakunja karatasi ya pipi na ikasikika ukumbi mzima. Jasho lilimtoka Chereko hadi likapita kola. Alikuwa ameshasema shuka, kovu, keki, mwavuli, wimbo. Alitafuta nyumbani kwake kote akakuta hakuna kitu, isipokuwa kimoja. Mimi siapi kwamba alikusudia. Mdomo wake ulikuwa na miaka ishirini na mitano ya kujitafutia wenyewe.

"Mke wangu," alisema, "alimshonea daktari kifungo."

Akageuka nyuma, kama aliyesikia mtu mwingine akisema. Bosi alikuwa ameshasimama.

"Baba! Baba, hilo hapana!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Walimtambua; si ndiye Bosi mwenyewe, na si kawaida yake kumfokea baba yake? Walidhani wamepanga. Kilikuwa kicheko cha kwanza cha alasiri ile, kikubwa, cha watu waliokuwa wanakingoja, na Chereko akakidaka kama mtu anayezama anavyodaka kamba. Kifungo kikatoka. Bosi alikisikia kikitoka. Baba yake alikuwa anaendelea, sasa hawezi tena kusimama hata angetaka, na kila watu walipocheka kitu kikaondoka: uzi, sindano, kiti cha plastiki, mkasi wa kukatia watu. Bosi aliinua mkono, akafungua mdomo aseme tena, na hapo hapo akajikuta amesimama katikati ya watu waliokaa, mkono juu, na hajui alitaka kusema nini.

"Kaa chini, mdogo wangu, unatuziba," alisema mwanamke wa nyuma.

"Samahani," Bosi alisema, akakaa.

Alisikiliza yaliyobaki kama wengine. Daktari alipozunguka wodi na shati na kutumwa maji, alicheka. Na Chereko alipofikia mwisho, akapunguza sauti, akasema, "Mnajua alimwambiaje mtoto? Alimwambia, hili usimpe baba yako!" ukumbi wote uliinuka, na Bosi alicheka mpaka ikabidi amshike bega mzee wa kiti cha pembeni. Mzee alikuwa analia. Watu walipoanza kutoka, wengi wao walitembea taratibu, wanapapasa vifungo vyao, na mwanamke yule wa nyuma alimshika Bosi mkono akamwambia pole.

"Ahsante," Bosi alijibu, kwa adabu tu.

Alimkuta baba yake kwenye chumba cha kubadilishia nguo, amekaa mbele ya kioo, shati limelowa, maua hadi magotini. Uso wake ulikuwa umetulia.

"Umecheka?" aliuliza.

"Nimecheka sana."

"Ipi?"

"Ile ya mgonjwa na koti la daktari. Ya hili usimpe baba yako."

"Ile hata mimi naipenda," Chereko alisema. Alijitazama kwenye kioo kidogo. "Sijui niliitoa wapi. Kesho nitaanza nayo."

"Anza nayo," binti yake alisema, akimkusanyia maua. "Ila yule mgonjwa mpe jina, baba. Watu watataka kumjua."

Chereko aliona ni wazo zuri. Walijaribu majina njia nzima, shangazi naye kwenye kiti cha nyuma akachangia mawili matatu, na mpaka gari linafika getini hawakupata hata moja lililomkaa.